Kitabu kipi kwa akili isiyotulia: Hayes, Harris, Williams au Kabat-Zinn?

Fungua kitabu cha Mark Williams na Danny Penman kwenye juma la kwanza, utaambiwa uchukue zabibu kavu moja. Uiweke kiganjani, uitazame mikunjo yake, uinuse, uiguse kwa ulimi, kisha uitafune polepole kana kwamba hujapata kuona zabibu tangu uzaliwe. Fungua cha Steven Hayes, utaambiwa utaje neno "maziwa" kwa sauti, haraka haraka, bila kituo, kwa nusu dakika hivi. Mara ya kwanza unayaona maziwa yenyewe, meupe, ya baridi. Ukishalitaja mara ishirini picha imekimbia, imebaki milio tu mdomoni.

Yote mawili yanachekesha, na ukiyafanya mbele za watu utaulizwa kama u mzima. Ila tofauti ya zabibu na maziwa ndiyo tofauti ya koo mbili za vitabu vya kujisaidia mwenyewe na msongo, hofu na huzuni, vinavyopangwa rafu moja, majalada yakifanana, na mnunuzi akaokota kimoja kwa kubahatisha. Zabibu inakufundisha kuirudisha akili kwenye kitu kilicho mbele yako. Maziwa yanakuonyesha kwamba neno, hata lile linalokukosesha usingizi, ni neno tu. Ondoa "maziwa", weka "mzembe", au jina lolote baya unalojiita usiku, ulirudie vivyo hivyo. Linaanza kulegea.

Nimekaa na vitabu vya pande zote mbili, vingine hadi ukurasa wa mwisho, vingine nikavikimbia katikati. Maoni yangu nayatoa mapema: usitafute kitabu bora. Tafuta kile ambacho kazi yake ya nyumbani utaifanya siku uliyoamka vibaya. Maana vyote hivi ni vitabu vya kazi, na kuvisoma bila kufanya mazoezi ni sawa na kusoma namna ya kuogelea ukiwa umekaa kitini.

Walikotoka

Ukoo wa zabibu ulianza mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipofungua kliniki ya kupunguza msongo katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Wagonjwa wake wengi walikuwa wale ambao madaktari wamewafanyia yote waliyoweza na maumivu bado yapo. Alichukua tafakuri ya Kibudha, akaivua joho la dini, akaifanya kozi ya majuma 8. Umakinifu ndio jina lililozoeleka kwa Kiswahili: kuwepo hapa ulipo, ukiona yanayopita mwilini na akilini bila kuyahukumu.

Baadaye Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliichukua kozi hiyo, wakaichanganya na tiba ya kurekebisha fikra, wakawalenga watu ambao sonona yao, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hupona kisha ikarudi. Utafiti wao wa kwanza mkubwa, uliochapishwa mwaka 2000 ukiwa na wagonjwa 145, ulileta jibu la ajabu kidogo. Kwa waliowahi kuugua mara 3 au zaidi, kurudi kwa ugonjwa kulipungua karibu kwa nusu. Kwa waliougua mara 2 tu, kozi haikuonyesha faida. Shika hilo, lina maana kwenye kuchagua.

Ukoo wa maziwa ni wa Hayes, aliyefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Nevada huko Reno. Mwaka 1978, akiwa mhadhiri kijana kwenye kikao cha idara, alishikwa na hofu ya ghafla. Akainua mkono azungumze, sauti ikagoma kutoka. Akatumia kila mbinu ya kutuliza hofu aliyoijua kitaaluma, na kadiri alivyopambana nayo ndivyo ilivyozidi kumfuata. Humo ndimo ilimozaliwa hoja kuu ya tiba ya kukubali na kuazimia, ambayo kifupi chake duniani kote ni ACT: hofu inauma, lakini vita ya kuikimbia hofu ndiyo inayokula maisha. Unaacha kusafiri, unaacha kusimama mbele za watu, unaacha kupenda, ili mradi usiisikie.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno "kukubali", maana kwa Kiswahili linapotosha. Mtu akisikia "kubali" anasikia "kubali yaishe", yaani shindwa, nyamaza, sema ndiyo ugomvi ukome. Wengine wanasikia "vumilia", ambako ni kuuma meno hadi shida ipite. Yote mawili siyo. Ningekuwa mfasiri ningejaribu "kupokea". Mgeni usiyempenda amefika mlangoni. Humfukuzi, humtandikii kitanda chako, unamwonyesha pa kukaa na unaendelea na shughuli zako. Uchungu unapata pa kukaa, usukani unabaki kwako. Msomaji asiyelipata hili mapema hukitupa kitabu kwenye sura ya tatu akidhani anafundishwa unyonge.

Hayes au Harris

Ndani ya ukoo wa ACT, wengi wanachagua kati ya vitabu viwili. Cha kwanza ni Get Out of Your Mind and Into Your Life cha Hayes na Spencer Smith, cha mwaka 2005. Cha pili ni The Happiness Trap cha Russ Harris, daktari aliyezaliwa Uingereza na anayefanya kazi Australia, kilichotoka mwaka 2007 na kuandikwa upya mwaka 2022.

Cha Hayes ni kitabu cha kalamu. Kina mistari ya kujaza, majedwali ya kuandika siku kwa siku, maswali yanayokurudia hadi ujibu. Kuna zoezi la kuyagawa maisha maeneo 10, kama ndoa, malezi, urafiki, kazi, imani, afya, kisha kuyapa alama mara mbili: jambo hili lina uzito gani kwangu, na matendo yangu ya karibuni yanaonyesha hivyo kwa kiasi gani. Nakumbuka nilivyoandika 10 kwenye urafiki upande wa uzito, na nilipofika upande wa matendo kalamu ikasita, nikaandika 3, nikaifuta nikaandika 4, nikaona aibu ya kujidanganya kwenye karatasi ambayo hakuna atakayeiona. Hakuna sura yoyote iliyonieleza zaidi ya tarakimu hizo mbili.

Ubaya wake ni uzito. Hayes ni mwanasayansi wa lugha na tabia, na anataka uelewe kwa nini akili ya mtu inanaswa na maneno kabla hajakupa namna ya kujinasua. Sura za mwanzo zinapanda mlima. Ana mifano inayookoa, kama ule mrija wa kusukwa unaoingiza vidole viwili: ukivuta unabana, ukisukuma ndani unalegea. Lakini mtu aliyechoka, aliyepata usingizi wa muda wa saa tatu tu usiku kucha, hawezi kupanda mlima huo. Nisingempa mtu wa namna hiyo kitabu hiki.

Ningempa cha Harris. Anaandika kama anazungumza, sura ni fupi, utani haumwishi, na kila baada ya kurasa chache anakusimamisha ufanye jambo. Toleo la 2022 ndilo la kutafuta, hata kama la zamani linapatikana kwa urahisi zaidi, kwa sababu limeweka mapema zoezi analoliita kutia nanga. Linakwenda hivi. Dhoruba imepanda kifuani. Unaitaja kimoyomoyo: hofu hii, uchungu huu, wazo hili. Halafu unarudi mwilini: unakandamiza nyayo sakafuni, unanyoosha mgongo, unabana ncha za vidole vya mkono mmoja kwa mwingine. Kisha unatazama ulipo, unaona nini, unasikia nini, na ulikuwa ukifanya kazi gani. Unazunguka mara tatu nne. Nanga haitulizi bahari, na Harris anasisitiza hilo hasa: ukitia nanga ili dhoruba iondoke, umerudi vitani. Nanga inakuzuia usichukuliwe na maji, basi.

Kasoro yake ni maneno mengi. Anarudia, na baada ya nusu ya kitabu unaanza kujua atasema nini. Aliyezoea vitabu vya kina atahisi amepewa sukari ya ziada. Ila kama hujawahi kusoma chochote cha fani hii, anza naye, na kama baadaye utahitaji mifupa chini ya nyama, nenda kwa Hayes.

Kuna jambo moja ambalo wasomaji wa Kiswahili tunalipata bure. Vitabu vyote viwili vinafundisha kuongeza maneno mbele ya wazo: badala ya "sifai", useme "nina wazo kwamba sifai". Kwa Kiingereza wanalifanyia mazoezi. Sisi tunasema kila siku "moyo unaniambia", "nafsi inanituma". Lugha imeshamtenga msemaji na msikilizaji. Jaribu usiku wa leo: "Moyo unaniambia nitaumbuka kesho." Umeona? Kuna anayesema, na kuna wewe unayesikiliza.

Kabat-Zinn au Williams

Upande wa umakinifu uchaguzi ni mwepesi zaidi, kwa kuwa unaamuliwa na muda wako.

Full Catastrophe Living cha Kabat-Zinn kilitoka mwaka 1990, kikarekebishwa mwaka 2013. Ni kitabu kinene, toleo la kwanza tu linapita kurasa 400, na kozi iliyomo inadai dakika 45 kwa siku, siku 6 kwa juma, majuma 8. Zoezi kubwa la mwanzo ni kuupitia mwili ukiwa umelala chali, kuanzia vidole vya mguu wa kushoto hadi utosini. Mara tatu za kwanza nilisinzia kabla hatujafika gotini. Kwa mtu mwenye maumivu ya kudumu ya mgongo, viungo au kichwa, naona hakuna kinachokifikia, kwa sababu kiliandikwa kutoka kwa wagonjwa wa namna hiyo hasa, na mwandishi hakuahidi kwamba maumivu yataisha. Kwa mtu anayelea watoto wadogo na kurudi nyumbani giza limeingia, dakika 45 ni ndoto, na kitabu kitakuwa deni jingine.

Mindfulness: A Practical Guide to Finding Peace in a Frantic World cha Williams na Penman, cha mwaka 2011, kinaomba dakika kumi hadi ishirini hivi kwa siku. Majuma ni 8 pia. Kina kitu kidogo ninachokipenda: kila juma unavunja mazoea fulani, mathalani kukaa kiti kingine badala ya kile chako cha siku zote. Upuuzi, utasema. Kaa, utaona chumba ulichokizoea kinavyogeuka. Humo pia imo nafasi ya kupumua ya dakika tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo zoezi la thamani kuliko yote katika ukoo huu: dakika moja kutazama hali yako ilivyo, moja na pumzi, moja kuupanua usikivu hadi mwili mzima. Inafanyika hata chooni kazini.

Kama umewahi kuugua sonona mara kadhaa na sasa una nafuu, yapo mawili yaliyoandikwa kwa ajili yako. The Mindful Way Through Depression cha mwaka 2007 ni cha Williams, Teasdale, Segal na Kabat-Zinn kwa pamoja, na ni cha kusomeka zaidi. The Mindful Way Workbook cha mwaka 2014, cha Teasdale, Williams na Segal, ni cha kujaza. Hapa ndipo lile jibu la mwaka 2000 linapoingia: kozi hii ilitungwa kwa ajili ya sonona inayorudi. Aliyeugua mara moja kwa sababu ya msiba au talaka huenda akanufaika zaidi kwingine.

Hadhari moja inayohusu vyote vya upande huu: bila sauti, ni nusu kitabu. Huwezi kufumba macho na kusoma kwa wakati mmoja. Kabla ya kununua nakala iliyotumika, hakikisha faili za sauti zinapatikana, maana CD ya nyuma ya jalada huwa imeshapotea.

Kile cha bure

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa Doing What Matters in Times of Stress, kijitabu cha picha kinachopakuliwa bure pamoja na sauti zake, na kimetafsiriwa katika lugha nyingi. Maudhui yake yametokana na ACT, na aliyeyaandaa ni Harris huyo huyo. Kina mbinu 5 tu: kutia nanga, kujinasua, kutenda kulingana na unayoyathamini, kuwa mpole, na kutoa nafasi. Kurasa nyingi ni mchoro na sentensi mbili tatu.

Mtu anaweza kukidharau kwa kuwa kinafanana na kitabu cha watoto. Asikidharau. Kozi ya vikundi iliyo pacha wake ilijaribiwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, na wanawake 694 kutoka Sudan Kusini. Walisikiliza masomo yaliyorekodiwa, vikundi vikiongozwa na watu wasio wataalamu wa saikolojia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba dhiki ya moyo ilipungua kuliko kwa waliopewa huduma ya kawaida. Walikuwa na kikundi, si kitabu peke yake, na tofauti hiyo ina uzito. Lakini kama leo huna fedha, au kichwa hakishiki zaidi ya ukurasa, anza hapa.

Je, kitabu peke yake kinatosha?

Kwa baadhi, ndiyo kwa kiasi. Kitabu cha Hayes kilijaribiwa kwa wanafunzi wa Kijapani waliokuwa wakisoma Marekani, waliokisoma kwa Kijapani (utafiti ukachapishwa 2011), halafu kwa walimu na wafanyakazi 236 wa shule (2012). Makundi yote mawili yalisoma bila mtaalamu pembeni na kwa jumla afya ya akili ikaimarika. Upande wa umakinifu, utafiti wa Uingereza wa mwaka 2023 uliwagawa watu 410 wenye sonona nyepesi hadi ya wastani: nusu wakapewa kitabu cha umakinifu, kile cha kujaza cha 2014, nusu kitabu cha kurekebisha fikra. Baada ya majuma 16, wa umakinifu walikuwa na nafuu zaidi. Ila wote walikutana na mtaalamu mara sita kwa mazungumzo mafupi, na sidhani kwamba hilo lilikuwa pambo. Kama una rafiki atakayekuuliza kila Jumapili "umefanya?", mpe kazi hiyo.

Kuna watu ambao nisingewaachia kitabu peke yao. Anayewaza kujiua aende kwa mtu, leo, kitabu kisubiri. Aliyepitia ubakaji, vita au kipigo, kulala chali na kufumba macho kunaweza kumfungulia kumbukumbu asizoweza kuzifunga mwenyewe. Aanze na kutia nanga, macho wazi, na akiona kumbukumbu zinazidi aache bila kujilaumu. Na mtu wa dini anayehofia kwamba umakinifu ni ibada ya wengine, hofu yake si ya kuchekwa: asili ni ya Kibudha kweli. Upande wa ACT una tafakuri chache sana, na wengine wanaupokea kwa urahisi zaidi kwa sababu hiyo.

Ningekushika mkono hivi

Unaepuka: simu hupokei, mtihani hukai, watu huwaendei, na maisha yamebanwa hadi yamekuwa chumba kimoja. Harris, halafu Hayes. Umakinifu mtupu hapa unaweza kukugeukia ukawa pango zuri la kujifichia. Nimemwona mtu akitafakari kila asubuhi kwa mwaka mzima na ile barua ya kuomba kazi bado hajaiandika.

Akili haizimi, unakula bila kuonja, unafika nyumbani hukumbuki ulivyofika: Williams na Penman. Mwili unauma kila siku: Kabat-Zinn, na muda uutafute kwa nguvu. Sonona iliyorudi mara tatu, nne: vile viwili vya sonona, ukiwa na nafuu, pamoja na daktari wako. Hujui hata una nini: kijitabu cha bure, majuma mawili.

Usichanganye viwili kwa wakati mmoja. Harris atakuambia fuata unachokithamini hata moyo ukidunda, Williams atakuambia kaa kwanza na huko kudunda. Wote wako sawa, ila ukiwasikiliza pamoja utabaki umesimama mlangoni.

Na lugha. Karibu vyote nilivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza, na hata kama unakisoma vizuri, sauti inayokutukana kichwani haiji kwa Kiingereza. Mazoezi ya maneno yafanye kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama yako kama matusi ya utotoni yalikuja kwa lugha hiyo. Maelekezo ya kupumua nayo yarekodi mwenyewe kwenye simu. Soma polepole kuliko unavyodhani inafaa, na baada ya kila sentensi acha kimya cha pumzi tatu. Rekodi yangu ya kwanza niliisoma kama taarifa ya habari. Nilikuwa bado natafuta kidole gumba, sauti yangu ikawa imeshafika mabegani.